Nchi Jirani: Waliomkataa Makamu Bila ya Kuwa na Mtu wa Kumweka



Katika mazungumzo yetu ya leo kuhusu nchi jirani, tutaitazama Kenya, na hasa miaka miwili ya historia yake, tangu Septemba 1976 hadi Oktoba 1978. Katika miaka hiyo chama kilichokuwa kikitawala nchi hiyo, yaani KANU, kilikabiliwa na swali ambalo kila chama cha siasa hulikuta siku moja: kiongozi mwasisi akiondoka, nani atakalia kiti chake? Swali hilo si la wanasiasa peke yao. Linamhusu pia mpiganaji aliye kambini na askari polisi aliye kituoni, kwa sababu wakati wakubwa wa siasa wanaposhindwa kukubaliana juu ya mrithi, jicho la kwanza wanalotupa huwa ni kwa yule mwenye bunduki.

Mwaka 1976 Mzee Jomo Kenyatta alikuwa ameiongoza Kenya kwa miaka 13. Alikuwa amepita umri wa miaka 80, na afya yake ilikuwa ikitetereka mara kwa mara. Hakuwahi kumtaja hadharani mtu anayemtaka awe mrithi wake. Lakini Katiba ya nchi ilikuwa na jibu lake. Kwa marekebisho yaliyofanywa mwaka 1968, ilielezwa kwamba kiti cha Rais kikiwa wazi, Makamu wa Rais atashika madaraka kwa muda wa siku 90, na katika muda huo uchaguzi wa Rais mpya utafanyika. Na Makamu wa Rais, tangu Januari 1967, alikuwa Bwana Daniel arap Moi.

Yafaa tueleze kwa ufupi jinsi Bwana Moi alivyofika hapo. Alikuwa mwalimu kwa kazi yake, mtu wa Baringo katika Bonde la Ufa, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Wakati wa kugombea uhuru hakuwa katika KANU, bali alikuwa mmoja wa viongozi wa KADU, chama cha upinzani kilichojivunja chenyewe na kuingia KANU mwaka 1964. Makamu wa kwanza wa Rais, Bwana Jaramogi Oginga Odinga, alisukumwa pembeni katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi Machi 1966. Katika mkutano huo cheo cha makamu mmoja wa chama kilifutwa na badala yake wakawekwa makamu 8, mmoja kwa kila mkoa. Bwana Odinga akajiuzulu mwezi uliofuata na kuunda chama chake, KPU, ambacho kilipigwa marufuku mwaka 1969. Aliyemfuata katika umakamu wa Rais, Bwana Joseph Murumbi, hakukaa hata mwaka mmoja. Ndipo akaja Bwana Moi.

Wakubwa wengi waliokuwa karibu na Mzee hawakumwona Bwana Moi kuwa mtu wa kuogopwa. Walimwona kuwa ni wingu la kupita. Hakuwa mtu wa kabila kubwa, hakuwa na mali nyingi kama wao, na hakuwa na maneno ya kujigamba. Walimwachia cheo kwa sababu walidhani cheo hicho hakina uzito. Miaka ikapita. Bwana Tom Mboya, Katibu Mkuu wa KANU ambaye wengi walidhani angeweza kuwa Rais, aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Bwana J. M. Kariuki, mbunge aliyependwa sana na wanyonge, aliuawa mwezi Machi 1975. Wale waliokuwa na nguvu zao wenyewe mbele ya umma walikuwa wakitoweka mmoja baada ya mwingine, na Makamu wa Rais akawa bado yupo, kimya, akizunguka nchi nzima kwa kazi za Mzee, akifungua shule na kuhudhuria harambee. Walipokuja kuzinduka, wingu la kupita lilikuwa limetanda.

Tarehe 26 Septemba 1976 mkutano mkubwa wa hadhara ulifanyika Nakuru. Hapo ndipo ilipoanza rasmi kampeni ya kutaka Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja Rais anapofariki. Mwenye sauti kubwa alikuwa Bwana Kihika Kimani, Mbunge wa Nakuru Kaskazini. Nyuma yake walikuwako watu wazito: Bwana Njenga Karume, mwenyekiti wa GEMA, yaani umoja wa Wakikuyu, Waembu na Wameru, Dakta Njoroge Mungai, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Bwana James Gichuru, Waziri wa Ulinzi, Bwana Paul Ngei, kiongozi wa Wakamba aliyefungwa pamoja na Mzee Kenyatta wakati wa ukoloni, na Bwana Jackson Angaine wa Meru. Bwana Mbiyu Koinange, Waziri wa Nchi na shemeji yake Mzee, alihesabiwa kuwa upande huo. Baada ya Nakuru ikafuata mikutano mingine, ikiwa pamoja na ule wa Limuru.

Wasikilizaji watauliza: je, lilikuwa kosa kutaka Katiba ibadilishwe? La hasha. Katiba ni kazi ya binadamu, na binadamu wanaweza kuirekebisha. Tena hoja waliyoitoa haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba mtu anayekalia kiti cha Rais siku 90 kabla ya uchaguzi atakuwa na nafasi kubwa kuliko wagombea wenzake wote, kwa sababu atakuwa ameshika serikali mkononi. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa. Ni kweli kwamba Katiba ilimzuia kaimu huyo kutumia baadhi ya madaraka makubwa bila ya kibali cha Baraza la Mawaziri, lakini hata hivyo mwenye kiti ni mwenye kiti.

Kosa lao lilikuwa mahali pengine. Kila mtu nchini Kenya alijua kwamba hawakuwa wakizungumza juu ya kifungu cha sheria, bali juu ya mtu mmoja. Mwaka uliotangulia, Desemba 1975, Bunge lilikuwa limebadilisha Katiba hiyo hiyo ili Rais aweze kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia ya makosa ya uchaguzi na kuzuiwa kugombea. Na mtu aliyefaidika alikuwa Bwana Ngei, ambaye sasa alikuwa miongoni mwa waliotaka ibadilishwe tena. Nchi ikizoea kubadili sheria kuu kwa ajili ya kumwinua fulani, haitachukua muda mrefu kabla ya kutakiwa kuibadili kwa ajili ya kumwangusha fulani.

Tena, ndugu wasikilizaji, lipo jambo kubwa zaidi. Watu hao walikubaliana juu ya nani asiwe Rais. Hawakukubaliana juu ya nani awe. Dakta Mungai alikuwa na elimu, alikuwa ndugu na tabibu wa Mzee, na aliwahi kuongoza wizara za Ulinzi na Mambo ya Nje; lakini wapiga kura wake wa Dagoretti walikuwa wamemwangusha katika uchaguzi wa mwaka 1974. Bwana Gichuru alikuwa na heshima ya pekee, kwani ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa KANU na ndiye aliyempisha Mzee Kenyatta katika uongozi wa chama mwaka 1961. Lakini kumpisha mwingine kulikuwa kumekwisha kuwa sehemu ya jina lake. Bwana Koinange alikuwa na sikio la Mzee, lakini nguvu zake zilikuwa za kuazima, na nguvu ya kuazima huondoka na mwenyewe. Bwana Ngei alikuwa na Wakamba, lakini hakuonekana kuwa na mtaji wa kutosha nje ya Ukambani. Kila mmoja wao alikuwa tayari kumpinga Moi. Hapakuwa na mmoja aliyekuwa tayari kusimama nyuma ya mwenzake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse wanne.

Na jambo la tatu ni kwamba walikusanyika chini ya kivuli cha umoja wa kikabila. GEMA haikuwa chama cha siasa, lakini ilikuwa na fedha na watu. Mwananchi wa Kakamega, wa Kisumu, wa Mombasa au wa Garissa aliposikia mikutano hiyo, alielewa jambo moja tu: kwamba kuna watu wanaosema kuwa kiti hicho kisitoke nyumbani kwao. Kwa hiyo kila mkutano waliofanya ulimwongezea Bwana Moi marafiki ambao hakuwatafuta. Hata katika Mkoa wa Kati wenyewe hawakuwa wamoja. Bwana Mwai Kibaki wa Nyeri, Waziri wa Fedha, alikuwa upande wa Makamu wa Rais. Bwana Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu, mtu wa Kiambu, alikuwa upande huo pia. Na kutoka Umasaini, Bwana Stanley Oloitipitip aliwakusanya wabunge wengi kupinga kampeni hiyo.

Tarehe 6 Oktoba 1976 Bwana Njonjo alitoa tamko lililoutikisa uwanja wote. Aliwakumbusha wananchi kwamba kwa mujibu wa sheria za Kenya ni kosa la jinai kuwazia au kukusudia kifo cha Rais au kuondolewa kwake madarakani, na kwamba adhabu ya kosa hilo ni kifo. Siku chache baadaye, tarehe 11 Oktoba, Baraza la Mawaziri lilikutana Nakuru chini ya Mzee mwenyewe na kuliunga mkono tamko hilo. Mikutano ikakoma. Waliokuwa wakipiga kelele jana wakawa mabubu leo.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu katika kuhukumu. Tamko la Bwana Njonjo liliutuliza ugomvi, lakini halikuujibu. Kuzungumza juu ya siku ambayo Rais atafariki si sawa na kumtakia kifo. Kila nchi yenye busara huizungumza siku hiyo kabla haijafika. Sheria ya uhaini ni panga kali. Likitumiwa kunyamazisha mjadala wa leo, kesho litatumiwa kunyamazisha mjadala mwingine, na keshokutwa mwenye panga naye atakatwa. Bwana Njonjo mwenyewe aliyaona hayo. Mwaka 1983 aliitwa msaliti, akaondoka Bungeni, na mwaka 1984 tume ya uchunguzi ikaketi kumchunguza kabla ya kusamehewa na Rais Moi.

Baada ya njia ya Katiba kuzibwa, wapinzani wa Makamu wa Rais wakaigeukia njia ya chama, ambayo wangepaswa kuanza nayo. KANU ilikuwa haijafanya uchaguzi wa viongozi wake wa taifa tangu mwaka 1966. Jogoo, alama ya chama hicho, alikuwa amelala. Uchaguzi ukapangwa kufanyika mwezi Aprili 1977, na Dakta Mungai akajitokeza kugombea umakamu wa chama dhidi ya Bwana Moi. Kambi mbili zikajipanga, wajumbe wakahesabiwa mkoa kwa mkoa. Dakika za mwisho uchaguzi huo ukaahirishwa, na haukufanyika tena Mzee akiwa hai.

Hasara ya kuahirishwa huko haikumpata Dakta Mungai peke yake. Ilikipata chama chote. Kwa miaka 11 wanachama wa KANU hawakupewa nafasi ya kusema ni nani wanamtaka awaongoze baada ya mwasisi. Chama kisichofanya uchaguzi hakipati mazoezi ya kushindana wala ya kushindwa. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini ni vigumu kumfundisha mtu kukubali kushindwa ikiwa hajawahi kuruhusiwa kushindana. Ugomvi ambao ungemalizwa kwa karatasi za kura ukumbini ukaachwa ufuke chini kwa chini, na moshi wa namna hiyo ndio unaoingia kambini.

Ndugu wasikilizaji, sasa tunafika kwenye sehemu inayowahusu wapiganaji na askari polisi moja kwa moja. Katika Mkoa wa Bonde la Ufa palikuwapo kikosi maalumu cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo. Kazi yake ya halali ilikuwa kupambana na majambazi wenye silaha wa kaskazini, waliojulikana kwa jina la Ngoroko. Baada ya Mzee Kenyatta kufariki, mwishoni mwa mwaka 1978, serikali mpya ilitangaza madai mazito: kwamba kikosi hicho kilikuwa kimeandaliwa kutumika kwa siri kuwaua wakubwa waliosimama kati ya kundi fulani na kiti cha Rais, akiwamo Bwana Moi mwenyewe, na kikosi chenyewe kikaitwa kwa jina la majambazi kiliowawinda. Mwaka 1980 waandishi wawili wa habari, Joseph Karimi na Philip Ochieng, walitoa kitabu kilichoyaeneza madai hayo.

Hatutayachukua madai hayo kuwa ni hukumu ya mahakama, kwa maana madai ya mshindi dhidi ya aliyeshindwa yahitaji kupimwa mara mbili. Lakini fundisho lake halitegemei ukweli wa kila neno. Kikosi hicho kilikuwa kikosi cha serikali. Askari wake walivaa sare ya Jamhuri na kulipwa mshahara na mwananchi ili wailinde ng'ombe ya mfugaji. Siku wananchi walipoanza kuamini kwamba kikosi hicho kina bwana mwingine zaidi ya sheria, heshima yake ilikwisha, na askari wa chini ambao huenda hawakujua lolote walibeba aibu ya jina la majambazi. Hiyo ndiyo hasara ya askari anayeazimwa na mwanasiasa: mwanasiasa akishinda atamsahau, na akishindwa atamwachia kesi.

Mzee Kenyatta alifariki Mombasa alfajiri ya tarehe 22 Agosti 1978. Siku hiyo hiyo Bwana Moi alifika Nairobi akitoka nyumbani kwake upande wa Nakuru, akaapishwa kushika madaraka ya Rais kwa siku 90 kama Katiba ilivyosema. Hakuna kifaru kilichotoka, wala redio haikutekwa. Majeshi yalibaki kambini, polisi walibaki kazini, na tarehe 31 Agosti Mzee alizikwa kwa heshima zote za taifa. Tarehe 6 Oktoba mkutano wa wajumbe wa KANU ulimteua Bwana Moi bila kupingwa kuwa Rais wa chama na mgombea pekee wa urais, na tarehe 14 Oktoba akaapishwa kuwa Rais wa pili wa Jamhuri ya Kenya. Bwana Kibaki akawa Makamu wake.

Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, tukumbuke hali ya eneo letu. Uganda ilikuwa imechukuliwa kwa mtutu wa bunduki tarehe 25 Januari 1971, na ni mwezi huo huo wa Oktoba 1978 ambapo majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Rwanda ilibadilishiwa serikali na wanajeshi mwaka 1973. Kenya yenyewe na Tanganyika zilikuwa zimeonja maasi ya askari mwezi Januari 1964: hapa kwetu katika kambi ya Colito, na kule kwao Lanet, hatua chache tu kutoka mji wa Nakuru ambako miaka 12 baadaye kampeni ya Katiba ilianzia. Katika mazingira hayo, kupokezana madaraka kwa mujibu wa sheria, bila ya damu kumwagika, lilikuwa jambo la kuheshimiwa, na sehemu ya heshima hiyo ni ya askari wa Kenya waliotii sheria siku ambayo kila mtu alikuwa akiwatazama.

Na wale waliompinga wakawaje? Katika uchaguzi mkuu wa Novemba 1979 Bwana Koinange alishindwa jimboni kwake Kiambaa, na aliyemshinda alikuwa Bwana Njenga Karume, ambaye miaka mitatu kabla walihesabiwa kuwa kundi moja. Mwaka 1980 serikali ikavitaka vyama vya kikabila vivunjwe, na GEMA ikafa. Kundi lililotaka kuibadili Katiba kwa ajili ya mtu mmoja halikudumu hata kufikia uchaguzi wa pili.

Lakini ushindi nao una majaribu yake. Mwezi Juni 1982 Bunge la Kenya liliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, na chini ya miezi miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Jaribio hilo lilizimwa na jeshi la nchi kavu na polisi, watu wengi wakapoteza maisha, na Jeshi la Anga likavunjwa. Viongozi wake wawili walikimbilia kwetu Tanzania, wakarudishwa Kenya, na mwaka 1987 wakanyongwa. Mlango wa siasa ukifungwa sana, wapo watakaojaribu kuvunja ukuta. Na wanaoangukiwa na ukuta mara nyingi ni askari vijana.

Rais Moi aliongoza kwa miaka 24. Mwaka 2002 KANU ilikabiliwa tena na swali lile lile la mrithi, na safari hii mwenye nafasi ya mbele alitajwa na Rais mwenyewe: Bwana Uhuru Kenyatta, mwana wa Mzee. Wakubwa wa chama hawakumkubali. Lakini hawakujaribu kubadili Katiba, wala hawakutafuta kikosi. Bwana Raila Odinga, Bwana George Saitoti, Bwana Kalonzo Musyoka na wenzao walikihama chama, wakaungana na wapinzani, na wakafanya jambo ambalo watu wa mwaka 1976 walishindwa kulifanya: walikubaliana juu ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa Bwana Kibaki, yule yule aliyesimama na Moi katika ugomvi wa kwanza. Tarehe 27 Desemba 2002 wananchi wakapiga kura, KANU ikashindwa, na siku tatu baadaye Rais Moi akakabidhi madaraka kwa amani.

Ndugu wasikilizaji, tukizilinganisha nyakati hizo mbili, tunaona kwamba kumpinga mtu aliye mbele katika chama si uhaini wala si dhambi. Ni haki ya mwanachama. Lakini anayempinga ana wajibu wa kusema anamtaka nani, wa kumwombea kura mbele ya nchi nzima na si mbele ya ukoo wake, na wa kukubali matokeo. Asiyeweza kufanya hayo matatu huishia kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato katika siasa hupita nyuma ya nyumba ya askari.

Kwa hiyo mpiganaji na askari polisi wa nchi yoyote wana swali moja la kujiuliza wanapojiwa usiku na mwanasiasa mwenye tabasamu na ahadi nyingi: amri hii imetoka kwa nani, na kwa sheria ipi? Mwaka 1978 askari wa Kenya walilijibu swali hilo kwa kufuata kiapo chao. Wanasiasa wao walikuwa hawajakubaliana, chama chao kilikuwa kimelala kwa miaka 12, na bado nchi ilivuka.